Kalenda ya Chooni kwa Bi Geesje

Groningen, Uholanzi
Jumapili, 26 Oktoba 2025

Mpendwa dada yangu Mwantumu,

Shikamoo dada. Na shikamoo ya pili, maana ya kwanza najua umeiruka bila kuitikia. Natumaini barua hii inakukuta mzima wewe, shemeji Hoza na watoto, na ule mguu wako wa kushoto umetulia mvua zikianza. Mimi sijambo, ila mafua. Mafua ya huku mwezi huu ni kama jirani mwenye mazoea, usipomkaribisha unamkuta keshakaa.

Leo watu wa huku wamerudisha saa nyuma. Kila mwaka, Jumapili ya mwisho ya Oktoba, usiku ukifika saa tisa wanasema hapana, bado ni saa nane, na nchi nzima inakubali bila ubishi. Asubuhi unaamka una saa moja ambayo jana hukuwa nayo. Wengine wanailala. Wengine wanazunguka nyumba nzima wakirekebisha saa ya ukutani, saa ya jiko, saa ya gari. Mimi miaka yote nimekuwa nikiipoteza hivi hivi, nimekaa dirishani na kikombe, naangalia majani yanavyodondoka mferejini. Ya mwaka huu nimeamua kukupa wewe.

Najua hatusemezani. Ni miaka miwili na nusu sasa. Maneno yako ya mwisho kwenye simu ninayo kama ulivyoyasema: "Hata kulia hujalia, Hidaya. Usinipigie tena mpaka ulie." Ukakata. Nami, mbishi kama unavyonijua, nikasema haya, kama ni hivyo na iwe hivyo. Mama alizikwa alasiri ya siku ile ile aliyofariki, nisingewahi hata ningeota mabawa. Lakini arobaini ningeiwahi, na sikuja. Sina cha kujitetea. Siku mliyomzika nililala, kesho yake nikaamka nikaenda kazini, nikawavisha wazee tisa soksi zao. Machozi hayakuja. Niliyasubiri, dada, wallahi niliyasubiri.

Barua si simu, kwa hiyo amri yako sijaivunja. Soma taratibu tu, nitafika.

Kazi yangu ni ile ile. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi niko juu ya baiskeli, giza bado, ukungu umelala juu ya maji na madaraja yanaonekana kama yanaelea. Napita nyumba hadi nyumba nikiwavisha wazee soksi za kubana, zile ndefu za kuzuia miguu isivimbe, ambazo mtu wa miaka themanini hawezi kuzivuta mwenyewe hata akiapa. Ni kazi ya kupiga magoti. Watu wa mji huu nawajua kwa miguu kabla ya sura. Yuko mzee mmoja aliyekuwa akiendesha mashua za mizigo mferejini, haongei kabisa, lakini kila nikimaliza mguu wa kulia anasema, "Bado mmoja," kana kwamba wa kushoto ningeusahau. Miaka sita anasema hivyo hivyo. Siku akinyamaza nitaogopa.

Jioni narudi pole pole. Huku watu hawafungi mapazia. Unapita mtaa mzima kila sebule iko wazi, taa ya manjano inawaka, mama anakatakata vitunguu, mwanamume kalala na paka kifuani, msichana anapuliza tarumbeta wimbo ule ule na kukosea pale pale. Hakuna mpita njia anayetazama ndani, ndiyo adabu yao. Mimi natazama. Najua ungesema, "We Hidaya, unachungulia nyumba za watu!" Nachungulia ndiyo. Kuna jioni naona kama mji mzima ni ndoto ya mtu mwingine ambaye hajaamka, nami nimo ndani yake, nimepewa baiskeli tu.

Antwerp, Ubelgiji, nilikoanzia haikuwa hivi. Kule mapazia ni mazito, na watu wanaishi mikahawani, wanabishana juu ya chakula saa nzima kabla ya kukila. Bremen, Ujerumani, nilikaa miezi minane, na ninachokumbuka zaidi ni watu waliosimama kwenye taa nyekundu alfajiri, barabara tupu, gari hakuna hata moja, wamesimama kimya wanasubiri ruhusa. Siku moja uvumilivu ukanishinda nikavuka. Bibi mmoja akanifokea, "Na watoto wakikuona?" Nikaangalia kulia, nikaangalia kushoto. Watoto wenyewe walikuwa wamelala kwao.

Lakini ninayetaka kukupa habari zake ni Bi Geesje, jirani yangu wa chini. Ana miaka themanini na sita, mjane, maisha yake yote alishona makoti ya kazi kiwandani, na mdomo wake haujui kuzunguka. Siku ya kwanza tulipokutana kwenye ngazi alinitazama juu mpaka chini akasema, "Kumbe ndiye wewe wa juu. Unatembea kwa visigino." Hiyo ndiyo ilikuwa karibu yangu. Nikaanza kutembea kwa vidole. Baada ya siku mbili akapanda kuniuliza kama naumwa.

Sasa sikiliza mambo ya watu hawa. Karibu kila nyumba ina kalenda isiyo na mwaka wala siku za wiki, ina tarehe tu, na kwenye tarehe wanaandika majina ya watu wao na siku walizozaliwa. Mahali pake ni chooni. Ndiyo, chooni, ukutani, mbele ya uso wako ukiwa umekaa. Usicheke. Bi Geesje anasema hapo ndipo mtu anapokaa kila siku bila kukimbilia kitu, kwa hiyo hasahau. Na siku ya mtu ikifika hapongezwi yeye peke yake, wanapongezwa na ndugu zake wote. Mara yangu ya kwanza kualikwa, watu kumi na wanne tumekaa kwenye viti vilivyopangwa duara, na kila anayeingia anazunguka duara zima akishika mikono: "Hongera kwa mama yako." "Hongera kwa shangazi yako." Akafika kwangu mzee Harm, shemeji yake Bi Geesje, akanishika mkono kwa nguvu: "Hongera kwa jirani yako!" Nikataka kumwambia mimi sijafanya kitu. Baadaye nikalifikiria sana jambo lile. Mtu kunipa hongera kwa sababu tu mwenzangu yupo duniani. Nililipenda, dada, sikufichi.

Wiki ile ile Bi Geesje akanijia na penseli. Tarehe yako? Nikampa ile ya pasipoti, Januari mosi, kama nusu ya Waafrika wa mji huu. Ya mama yako? Hapo nikakwama. Nimweleze nini? Kwamba mama yetu alizaliwa wiki yalipoiva maboga ya kwanza baada ya njaa, na bibi hakuwa na kalenda, alikuwa na shamba? Niliona haya. Niliona haya kwamba mama yangu hana tarehe, na haya ile bado inaniuma kuliko uongo wenyewe. Nikasema haraka haraka, Oktoba ishirini na tatu. Ndiyo siku niliyoteremka kwenye treni katika mji huu na sanduku langu moja, na ndiyo iliyokuwa karibu na ulimi. Umri nikaukadiria. Akaandika.

Tangu hapo, kila Oktoba ishirini na tatu nikirudi kazini namkuta mlangoni na keki ya tufaha. "Hongera kwa mama yako!" Tunakula, kipande kimoja kila mtu na kahawa, kisha keki inafunikwa. Jioni ile ile nilikuwa nampigia mama kumwambia leo umesherehekewa huku. Anacheka mpaka anakohoa. Utakumbuka wewe mwenyewe, ulikuwa unamshikia simu. "Waambie basi waniletee hiyo keki," anasema, "mbona wanaila wao tu?"

Mama alipofariki sikumwambia Bi Geesje. Mtu wake akifa hamfuti kwenye kalenda, anamwekea msalaba mdogo pembeni ya jina. Kwa umri wake misalaba imekuwa mingi kuliko majina matupu. Nikaona siwezi. Nikajiambia nitamwambia kesho. Ikaja Oktoba, ikaja keki. Hongera kwa mama yako. Ahsante. Mzima? Mzima. Nikala. Mwaka wa pili vilevile. Ndivyo ilivyokuwa, dada. Nyumbani Muheza mlikuwa mmeshamzika, na huku chooni kwa Bi Geesje mama alikuwa hai, anaongeza miaka. Nikaona afadhali kuwe na mahali pamoja ambapo habari haijafika.

Alhamisi hii nimerudi, ukungu mzito kiasi kwamba kengele za mnara zinasikika na mnara wenyewe hauonekani. Mlango wa Bi Geesje uko wazi. Keki iko mezani, na puto. Puto, dada!

"Themanini!" anasema. "Themanini haiji kila siku. Kaa. Toa simu."

"Simu ya nini?"

"Nampigia mama yako mwenyewe. Miaka kumi na moja nakula keki yake, sauti yake sijawahi kuisikia. Na usinisaidie, nimejifunza."

Akasimama wima, akashika mgongo wa kiti, akajikohoza kama mwanafunzi mbele ya mwalimu, akasema kwa Kiswahili kabisa: "Hongera, mama." Mjukuu wake ndiye aliyemtafutia maneno, na wiki mbili bibi wa watu anafanya mazoezi jikoni.

Namba niliyokuwa nampigia mama ni namba yako. Simu ilikuwa moja, unajua. Nikaishika mkononi, nikaliangalia jina lako pale kwenye kioo, na Bi Geesje ananikodolea macho kwa furaha na puto lake. Nikasema naomba kwanza niende chooni.

Nikajifungia, nikakaa. Na mbele yangu, kwa mwandiko wake ule wa kutetemeka: "Mwanjaa, mama wa Hidaya." Pembeni hakuna kitu. Juu yake, Oktoba ishirini na moja, mumewe Bi Geesje, msalaba. Chini yake, Oktoba ishirini na tano, dada yake, msalaba. Mama peke yake katikati, mzima, na hata tarehe si yake. Dada, nililia. Nililia kama mtoto aliyepotezwa gulioni. Nikavuta maji ili nisisikike, yakaisha, nikangoja tangi lijae nikavuta tena. Nililia mikono yake inavyonuka mchicha akitoka kuuchambua. Nililia arobaini yake ambayo sikuja. Nililia ile keki aliyoiomba miaka yote tukidhani ni mzaha.

Akagonga. "Binti, umekula nini huko kazini?"

Nikafungua, akaniona nilivyo. Hakunikumbatia, si watu wa kukumbatiana ovyo. Akasema tu, "Njoo, kahawa inapoa."

Nikamwambia mezani. "Mama alifariki."

"Lini?"

"Miaka miwili na nusu."

Akahesabu kwa vidole. "Kwa hiyo keki mbili umekula unanidanganya."

"Ndiyo, Bi Geesje."

"Zilikuwa tamu?"

"Zilikuwa tamu."

"Afadhali."

Nikaona nimalize yote kabla ulimi haujafunga. "Na tarehe niliitunga. Mama hakuwa na tarehe. Alizaliwa maboga yalipoiva."

Hapo ndipo alipokasirika kweli. "Miaka kumi na moja! Si ungesema tu maboga? Nani alikukataza kusema maboga?" Akapiga meza, puto likaruka.

Akachukua penseli kwenye droo ya vijiko, tukaingia chooni wote wawili, mahali pa mtu mmoja, mimi nimebanwa na mlango, yeye kaegemea ukuta. Akaweka ncha ya penseli pembeni ya jina. Nikamshika mkono. Nikamwambia, Bi Geesje, mama alikuwa Mwislamu.

"Basi niweke nini? Kitu lazima kiwekwe. Huwezi kumwacha mtu hivi hivi."

Kisha akainama akachora boga. Kusema kweli linafanana zaidi na birika, lakini ni boga, na kikonyo chake. Nikauliza, na tarehe? Akasema tarehe inabaki palepale, imeshaliwa keki kumi na moja, imeshakuwa yake.

Tukarudi tukamlia mama themanini yake. Vipande viwili kila mtu, jambo ambalo sijapata kuliona katika nchi hii. Puto amelifunga kwenye mpini wa baiskeli yangu na hajaniruhusu kulitoa. Ijumaa nimewavisha wazee soksi na puto linanisubiri nje. Yule mzee wa mashua alilitazama dirishani, akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza akaongeza neno. "Bado mmoja," akasema, "na hongera."

Juzi nimepita vijiji vya nje ya mji. Mwezi huu watu wanaweka maboga kwenye meza nje ya milango, ya rangi ya machungwa, ya kijani, mengine makubwa kama mtungi, hakuna muuzaji, unachagua mwenyewe na kuacha pesa kwenye kopo. Miaka yote nayapita. Safari hii nilisimama na baiskeli yangu katika ukungu, nikayaangalia muda mrefu sana, nikachukua moja. Nimelipika kwa tui la kopo na iliki. Bi Geesje kala sahani mbili, kasema limekosa chumvi.

Tukiwa tunakula ndipo akaniuliza habari zako. Una tarehe ya dada yako? Nikasema sina, na hatusemezani. Akaweka uma chini. Kwa nini? Nikamweleza yote, arobaini, simu, maneno yako. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, na kumsikiliza mtu bila kumkatiza si tabia yake. Kisha akasema, "Dada yako ana haki. Lakini sasa umelia. Maji nimeyasikia, mara nne." Akanipa ile penseli. Ndiyo hii ninayokuandikia, usidhani wino umenishinda.

Nimeomba likizo ya Desemba yote na wamenikubalia. Nataka unipeleke alipolala mama. Sitaki mtu mwingine anipeleke, hata kama njia nzima hutanisemesha.

Msalimie sana shemeji Hoza. Mjomba Kibwana mwambie redio yake sijaisahau, iko kwenye sanduku tayari. Wanao Sauda na Mbwana nibusie, ingawa Mbwana nasikia ana ndevu sasa na hatakubali. Mwenyezi Mungu amrehemu mama yetu, amlaze pema. Na wewe akujaalie afya ya kunikasirikia miaka mingi, na huruma ya kunisamehe kabla hiyo miaka haijaanza kuhesabiwa.

Ile saa niliyopewa imekwisha zamani, nimeshakula na saa ya watu wengine. Nimalizie.

Ulisema nisikupigie mpaka nilie. Nimelia, dada, na shahidi ninaye. Barua hii itachukua wiki tatu au nne kufika. Nitakupigia Jumapili ya mwisho ya Novemba, saa kumi alasiri ya kwenu. Bi Geesje anasubiri kukuandika. Tarehe ya kitambulisho chako aliitunga karani, hiyo hatuitaki. Mama alisema ulizaliwa siku mbuzi walipoingia jikoni wakala mahindi ya mbegu, lakini siku gani hakusema. Kwa hiyo chagua mwenyewe, yoyote uipendayo. Nataka mwakani nirudi kutoka kazini jioni, nimkute mtu mlangoni ananiambia hongera kwa dada yako.

Ukipokea simu usinisalimie. Nitajie tarehe tu.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukiwa umeninunia,

Hidaya